Fundi seremala wa Singida anauliza: ninunue darubini gani ya kutazamia nyota?

Swali: Mimi ni fundi seremala, naishi nje kidogo ya mji wa Singida. Tangu utotoni napenda kutazama nyota, na sasa nimejiwekea akiba ya shilingi laki tano ninunue darubini. Nilipokwenda Dar es Salaam nilionyeshwa dukani moja yenye lenzi ya mm 60, boksi limeandikwa kwamba inakuza mara 525. Je, niichukue? Au naweza kuunda ya kwangu? Tena nieleze ukweli: mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya jambo la maana katika mambo ya nyota, au hayo ni ya watu wa chuo kikuu? Majirani zangu wanadhani nataka kujifunza kupiga ramli.

Jibu: Ndugu fundi, usiichukue. Hiyo laki tano itakufikisha mbali zaidi ikikaa karibu na randa na msumeno wako kuliko ikiachwa katika lile duka, na nitakuonyesha kwa nini.

Tuanze na hizo mara 525. Darubini za namna hiyo huwa na fokasi ya mm 700, maana yake mwanga unaopita kwenye lenzi ya mbele hukusanyika umbali wa mm 700 nyuma yake. Ukuzaji ni hesabu ya kugawanya: fokasi ya darubini kwa fokasi ya ile lenzi ndogo unayowekea jicho. Ndani ya boksi wanakuwekea lenzi ya mm 4, na 700 ukigawa kwa 4 unapata 175. Halafu wanakuwekea kijilenzi cha kuzidisha mara 3, na 175 mara 3 ni 525. Hesabu yao ni sahihi, ila haina faida yoyote kwa jicho lako. Kwa kila milimita ya kipenyo, darubini inaweza kukuza vizuri takriban mara mbili tu. Lenzi ya mm 60 basi mwisho wake ni mara 120. Ukivuka hapo unakuza ukungu: picha inakuwa kubwa, inafifia, na hakuna kipya kinachoonekana ndani yake. Galileo, mtazamaji nyota wa Italia, alipoiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii (Jupita) mwezi Januari 1610, darubini yake ilikuza mara 20 hivi.

Ubaya mwingine wa darubini hizo ni miguu yake. Miguu mitatu myembamba ya bati inatikisika kwa pumzi ya mtazamaji. Ukikuza mara 100 unakuza na huo mtikisiko mara 100, nyota inacheza huku na huku, na watoto wanaokuzunguka wanachoka kabla hawajaona kitu. Darubini nyingi zilizotupwa juu ya makabati zilitupwa kwa sababu ya miguu, wala si kwa sababu ya lenzi.

Unachonunua katika darubini ni kipenyo, yaani upana wa lenzi au kioo kinachopokea mwanga. Mboni ya jicho lako gizani hufunguka kama mm 7. Kioo cha mm 114 kina eneo la mara 265 ya mboni hiyo, kwa hiyo kinakusanya mwanga mara 265 zaidi. Ile lenzi ya mm 60 haifiki mara 75. Na kioo kina heri nyingine kwa mtu wa kipato chetu: lenzi nzuri inataka vipande viwili vya vioo tofauti vilivyosuguliwa pande zote nne, kumbe kioo cha kuakisi kinasuguliwa upande mmoja tu. Ndiyo maana kwa pesa ileile unapata kipenyo kikubwa zaidi. Isaac Newton alitengeneza darubini ya kioo mwaka 1668, kioo chake kikiwa na upana wa sm 3 na kidogo, na mpangilio wake ndio nitakaokupa hapa chini.

Lakini kabla hujatoa hata shilingi moja, kuna kazi ya kufanya kwa macho yako matupu, na naomba usiiruke. Darubini huonyesha kipande kidogo sana cha anga. Asiyejua anga atazungusha bomba usiku kucha akipata mwezi tu.

Na hapo ulipo, ndugu yangu, umepewa anga ambalo watu wa Ulaya hulipia nauli ya ndege kulifuata. Singida iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Maana yake katika mwaka mmoja nyota karibu zote za anga hupita juu ya upeo wako, za kaskazini na za kusini. Kitovu cha Njia Nyeupe, mahali ambapo ule ukanda wa mwanga ni mnene kuliko kwingine kote, hupita juu sana kwako, nyuzi 24 tu kutoka utosini. Mtu wa London hukiona nyuzi 10 juu ya upeo, nyuma ya paa la jirani, na hiyo ni pale taa za mji zinapomruhusu. Wewe una kiangazi kirefu, mvua zimekatika, hewa kavu, na ukitoka kilomita chache nje ya mji hakuna taa.

Anza na Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Kuanzia Desemba hadi Aprili anaonekana jioni, na utamtambua kwa nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, ndizo mkanda wake. Mkanda huo uko karibu kabisa na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo huchomoza mashariki kamili na kutua magharibi kamili. Kwa fundi anayesimamisha nyumba hicho ni kipimo cha bure kisichoharibika. Upande mmoja wa mkanda kuna nyota nyekundu, Ibuti la Jauza. Upande wa pili kuna nyeupe ya kibuluu, Rijili. Zikumbuke hizo mbili, nitazirudia. Mbele ya Jabari kuna Kilimia, kile kifungu cha nyota sita saba ambacho wakulima wetu wamekifuata tangu zamani: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hebu kifuatilie mwenyewe mwaka mzima uone kinavyopotea kwenye mwanga wa jua mwezi Mei, halafu kikarudi alfajiri ya Juni.

Upande wa kusini mwezi Februari angalia Suheli, nyota ya pili kwa mwangaza katika anga lote, ambayo mabaharia wa pwani waliitumia kujua upande wa kusini. Mwezi Mei, kiasi cha saa tatu usiku, Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, husimama wima kusini, na kushoto kwake nyota mbili kali zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na Salibu ndiyo Rijili Kantori, jirani wa Jua letu. Mwanga unaouona ulitoka huko zaidi ya miaka minne iliyopita. Kuanzia Juni hadi Septemba kundi la Nge linatanda juu kabisa na mkia wake uliopinda, na hapo ndipo Njia Nyeupe inapojaa.

Mpe kila mwezi kundi moja au mawili. Ukiwa na simu ya kisasa weka programu ya Stellarium, inatolewa bure na inakuonyesha anga la Singida kwa saa yoyote. Ila punguza mwanga wa simu hadi mwisho, na tochi yako ifunge kitambaa chekundu, kwa sababu jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na mwanga mweupe wa sekunde moja unairudisha kazi yote mwanzo.

Pesa ya kwanza itumie kwenye darubini ya macho mawili, ile wanayobeba waongoza watalii mbugani, yenye maandishi 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo kwa milimita. Iliyotumika ni sawa kabisa, mradi uijaribu kabla ya kulipa: tazama waya wa umeme wa mbali, uone kama macho yote mawili yanapata waya mmoja. Ukiona mbili, vioo vya ndani vimehama, achana nayo. Ukiegemeza viwiko ukutani utaona miezi ya Mshtarii kama vitone pembeni mwake, na kesho yake vimebadilisha mahali. Kilimia kitakupa nyota nyingi badala ya sita. Na ukipitisha polepole kwenye mkia wa Nge, kila unapogusa kuna fungu la nyota au kidoa cha mwanga.

Kwa majirani zako nina ushauri mmoja. Jioni ya mwezi mwandamo waite, jua likishazama kabisa, muutafute pamoja. Karibu na ikweta hilali hulala kama mtumbwi juu ya upeo wa magharibi, na mwezi wenye umri wa chini ya saa 15 tangu kuzaliwa kwake karibu hauonekani kwa macho matupu na mtu yeyote. Hayo ni mambo ya hesabu na ya kuona, yanayompa mwenye kuandama mwezi uhakika zaidi. Anayepiga ramli anadai nyota zinamwambia habari za watu. Wewe utawaonyesha nyota zilipo, zinaenda wapi na zitarudi lini, na mtoto wa darasa la tano ataweza kukukosoa ukisema uongo. Wakishauona mwezi kwa macho yao katika darubini yako, maneno ya ramli yatakwisha yenyewe.

Sasa tuingie karakana.

Mtu aliyetufungulia njia hii ni John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915 na kuishi utawani California, Marekani, katika nyumba za watawa wa Vedanta, wenye asili ya Uhindu, kuanzia 1944 hadi 1967. Mtawa hana fedha. Alichukua vioo vinene vya madirisha ya meli zilizovunjwa akavisugua kuwa vioo vya darubini, na kwa kuwa hakuweza kununua mitambo ya chuma ya kushikilia darubini, akaunda sanduku la mbao linalozunguka juu ya kibao. Mwaka 1968 yeye na vijana wake walianza kuziweka darubini hizo kando ya barabara na kuwaita wapita njia watazame Zohali, sayari yenye pete. Wataalamu walizicheka. Leo darubini nyingi za wapenzi wa nyota duniani husimama juu ya sanduku la Dobson, kwa sababu halitikisiki, na seremala yeyote anaweza kuliunda kwa siku chache.

Vioo nakushauri ununue, angalau safari hii. Agiza kioo kikuu cha mm 114 chenye fokasi ya mm 900, na kioo kidogo bapa cha kugeuzia mwanga chenye upana wa mm 25 hivi. Nimechagua kipimo hicho kwa makusudi. Kioo chenye uwiano wa fokasi na kipenyo wa 8 kinatoa picha safi hata kama kimesuguliwa kwa umbo rahisi la duara, ambalo ndilo wenye viwanda vya bei nafuu hulifanya bila kukosea. Kikiwa kifupi zaidi kinataka umbo gumu la parabola, na hapo ndipo ulaghai unapoingia. Ukiona darubini ambayo bomba lake lina urefu wa sm 50 lakini imeandikwa fokasi mm 1000, kuna kijilenzi kimefichwa ndani kurefusha fokasi, na mara nyingi picha yake haiwi kali kamwe. Iache hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Vioo na lenzi mbili za jicho, mm 25 na mm 10, vitakula zaidi ya nusu ya akiba yako. Lenzi ya kwanza itakuza mara 36, ya pili mara 90. Zote ziwe na kipenyo cha shina cha mm 31.7, maana hicho ndicho kipimo cha kawaida na ukitaka kuongeza lenzi baadaye utazipata.

Bomba lisikusumbue akili. Halina haja ya kuwa la duara. Tengeneza sanduku refu la pembe nne kwa plaiwudi ya mm 9, upana wa ndani mm 150, urefu sm 90 hivi, wazi juu. Mninga utakushawishi kwa uzuri wake, lakini utaibeba darubini hii usiku mwingi, na mbao nzima hucheza masika na kiangazi kuliko plaiwudi. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa kabisa. Baadhi ya watu huchanganya rangi na vumbi la mbao kidogo ili ukuta uwe wa kukwaruza na usirudishe mwanga, na inafaa.

Kioo kikuu kinakaa chini, juu ya kibao cha plaiwudi kilichoshikwa na bolti tatu zenye springi, ili uweze kukiinamisha kidogo upande huu au ule. Kibandike kwa matone matatu ya silikoni, yaliyopangwa pembetatu, na weka njiti za kiberiti katikati mpaka silikoni ikauke, kisha zivute, ili kioo kisikandamizwe. Kioo kikikandamizwa kinapinda, na kupinda usikoweza kukuona kwa jicho kunatosha kuharibu nyota. Kioo kidogo kinakaa karibu na mdomo, katikati ya sanduku, kimeinama nyuzi 45, kikipeleka mwanga pembeni kwenye tundu la lenzi. Kwa kukishikilia, kipande cha mti wa duara kilichokatwa nyuzi 45 kinatosha, na mikono yake iwe ya bapa za msumeno wa chuma zilizochakaa, zikisimama kwa ukingo wake mwembamba ili zisizibe mwanga. Shina la lenzi ni bomba mbili zinazoingiana kwa kukaza kidogo, moja imegandishwa sandukuni, nyingine inasogezwa kwa mkono.

Mahali pa tundu ndipo mafundi wengi wanapoharibu plaiwudi nzuri. Mwanga una safari ya mm 900 kutoka kioo kikuu hadi fokasi. Katika hiyo, toa nusu ya upana wa sanduku, mm 75, toa unene wa ukuta, mm 9, toa urefu wa shina la lenzi, tuseme mm 70. Inabaki mm 746, na huo ndio umbali wa kutoka uso wa kioo kikuu hadi katikati ya tundu. Lakini kioo kilichoandikwa 900 huweza kuwa 890 au 912. Kipime kwanza. Usiku wa mwezi mkubwa kielekeze mwezini, shika kipande cha karatasi mbele yake kidogo pembeni, sogeza mpaka picha ya mwezi iwe ndogo na kali kuliko zote, mwenzako apime kwa futi. Ndipo ushike keekee.

Sehemu ya kuzungushia ni kazi ya kabati ambayo huhitaji nikufundishe. Pande mbili za bomba unaweka visahani viwili vya mbao vya duara, vikae kwenye mikato ya umbo la V kwenye sanduku lisilo na mbele. Usivifunge kabla vioo na lenzi havijakaa ndani: laza bomba lote juu ya kipande cha fito, tafuta linapopata mizani, na hapo ndipo visahani vikae. Siri ya Dobson iko kwenye msuguano. Visahani vivishe fomeka, na kwenye mikato ya V weka vipande vidogo vya tefloni. Ukikosa, kata vipande vya ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama. Chini pia fomeka ikalie vipande vitatu vya tefloni juu ya kibao cha msingi, bolti moja ikishika katikati. Vipande hivyo vitatu vipange juu ya miguu mitatu ya msingi moja kwa moja, la sivyo kibao kitapinda na darubini itanesa. Ikikamilika, utaisukuma kwa kidole kimoja, itakwenda laini, na ukiachia itabaki ulipoiacha. Hakuna mguu wa bati wa dukani unaoweza hivyo.

Umeniuliza kama unaweza kuunda ya kwako kabisa, na kioo pia? Unaweza, na natamani siku moja ufanye. Unachukua vioo viwili vya duara vinene vilivyo sawa, kimoja chini kimoja juu, katikati unga wa karborundamu na maji, na unasugua mbele na nyuma huku ukizunguka meza. Kwa namna mikono inavyokwenda, cha juu hubonyea katikati na cha chini huvimba, chenyewe tu. Unapunguza ukali wa unga hatua kwa hatua, mwisho unang'arisha kwa oksidi ya seriamu juu ya lami. Uso wa mwisho unatakiwa usikosee kwa zaidi ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na ajabu ni kwamba kosa dogo hivyo hupimwa kwa taa yenye tundu dogo na wembe, kwa njia aliyoigundua Mfaransa Léon Foucault miaka ya 1850. Mkono uliozoea kusikia ubao kwa msasa una nusu ya kazi hii tayari. Kinachokwamisha ni kupaka aluminiamu mwishoni, ambayo hutaka mtambo wenye ombwe. Kwa sababu hiyo nasema kwanza uwe na darubini inayofanya kazi, kisha tuzungumze kioo.

Kuhusu chuo kikuu. William Herschel alikuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath, Uingereza. Hakusomea nyota popote. Alinunua vitabu, akaona bei za darubini, akaamua kuyeyusha shaba na bati jikoni na kumimina vioo vyake katika kalibu za samadi ya farasi. Dada yake Caroline alimlisha tonge kwa mkono siku aliyong'arisha kioo saa 16 bila kukiachia. Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, bustanini kwake, kwa darubini ya mikono yake yenye kioo cha sm 16 hivi, aliona nyota iliyokuwa na upana kidogo. Ilikuwa Uranus, sayari ya kwanza kugunduliwa tangu binadamu aanze kuandika. Caroline mwenyewe baadaye alipata vimondo vyenye mkia, vile wanavyoita nyotamkia, vinane.

Utasema hayo ni ya zamani. Basi mchukue Albert Jones wa New Zealand, aliyefariki mwaka 2013. Maishani alisaga nafaka, akawa na duka la vyakula, akafanya kazi kiwanda cha kuunganisha magari. Usiku alikadiria mwangaza wa nyota zinazobadilika, moja baada ya nyingine, kwa jicho, na alifikisha makadirio zaidi ya 500,000. Aligundua nyotamkia mwaka 1946, na nyingine mwaka 2000 akiwa na miaka 80. Chuo kikuu kilimpa shahada ya heshima ya udaktari mwaka 2004, na aliistahili.

Kazi ya Jones ndiyo ninayokupendekezea wewe, na waweza kuianza hata kabla vioo havijafika. Kuna nyota ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka. Rudi kwa Jabari, kwenye Ibuti la Jauza. Mwishoni mwa 2019 ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 mtu yeyote aliyezoea kumtazama Jabari aliona bega lake limezimika. Baadaye ikajulikana kuwa wingu la vumbi lililotoka kwenye nyota yenyewe liliifunika. Kuipima ni hivi. Wataalamu wa nyota huhesabu mwangaza kwa namba, na namba ndogo ndiyo kali zaidi. Rijili ni 0.1. Fahali, kundi la nyota jirani ya Jabari, ana jicho jekundu, Dabarani, lenye 0.9. Bega la pili la Jabari ni 1.6. Jiulize: Ibuti la Jauza leo iko kati ya zipi mbili, na karibu na ipi? Ukiiona iko katikati ya Rijili na Dabarani, andika 0.5. Wiki mbili baadaye rudia bila kutazama ulichoandika mwanzo. Chagua wakati zote ziko juu, maana nyota iliyo karibu na upeo hufifishwa na hewa.

Makadirio hayo hupokelewa kutoka kwa mtu yeyote na AAVSO, chama cha watazamaji wa nyota zinazobadilika kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, na watafiti huyatumia kila siku. Hawakuulizi cheti. Na mahali ulipo pana thamani: usiku wetu ni mchana wa Marekani, na nyota za kusini kama zile za jirani ya Salibu haziwezi kuonekana Ulaya kabisa. Watazamaji katika ukanda wetu wa dunia ni wachache mno, wakati anga letu limekwishaingia kwenye sayansi hii zamani: setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kupima eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake.

Nunua daftari gumu. Andika tarehe, saa, hali ya mawingu, ulichokadiria na nyota ulizolinganisha. Kuhusu saa kuwa mwangalifu sana, kwa sababu sisi tuna namna yetu ya kuhesabu: saa mbili usiku yetu ni 20:00 ya saa ya tarakimu, na kwa saa ya kimataifa inayotumika katika kazi hizi ni 17:00, kwani tuko mbele kwa saa tatu. Andika zote mbili pembeni ya kila usiku mpaka uzoee. Usifute kamwe kadirio linaloonekana limekosea. Andika jingine chini yake.

Jua. Hili lisome mara mbili, na uwasomee watoto. Usielekeze darubini yoyote kwenye jua, hata sekunde moja, hata likiwa linazama. Jicho linaungua bila maumivu na halirudi. Baadhi ya darubini za bei nafuu huja na kikioo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho kilichoandikwa ni cha jua. Kitupe, hupasuka kwa joto ukiwa umeweka jicho. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete, yaani mwezi ukaliziba katikati likabaki kama pete, maelfu walikusanyika Rujewa, Mbarali, na miwani maalumu ya karatasi ndiyo iliyofaa pale, na bado miwani hiyo si ya kuvaa ukitazama kupitia darubini. Mchana mdomo wa darubini yako uwe na kifuniko cha mbao, na ikae ndani. Kioo kikuu kikilipata jua kitachoma sanduku lako au paja la mtu. Vumbi la Singida likitua kwenye kioo, liache. Usilifute kwa kanga. Vumbi kidogo halipunguzi chochote, lakini kufuta mara moja kunachora mistari ya kudumu.

Ukiwa tayari, usiku wa kwanza usichague mwezi mpevu. Chagua mwezi wa nusu, utembee polepole kwenye mpaka wa mwanga na giza, ambako milima hutupa vivuli virefu na mashimo yanaonyesha kina. Kisha Rijili Kantori kwa lenzi ya mm 10: utakuta ni nyota mbili zilizokaribiana. Kisha Zohali, ikiwa juu. Pete zake zilisimama kwa ubavu mwaka 2025 na sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka, mpaka zitakapokuwa wazi kabisa karibu na 2032.

Agiza vioo kwanza, plaiwudi baadaye. Vikifika, pima fokasi kwa mwezi mara tatu, usiku tofauti, uniandikie namba zote tatu pamoja na urefu wa shina la lenzi ulilotengeneza. Nitakupigia hesabu ya tundu na kukuchorea sanduku la chini kwa vipimo vyako kabla hujakata ubao.